Uliza Ujibiwe: Bidhaa Rafiki kwa Mazingira, Nani Abebe Gharama Yake?

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu wenye bidhaa nzuri isiyotembea sokoni: mkaa mbadala, juisi kwenye chupa za kurudisha, kahawa iliyofuatiliwa hadi shambani, viungo visivyofungwa kwa plastiki. Tumezisoma zote. Mara nyingi karakana haina kosa. Kosa liko katika makubaliano kati ya anayetengeneza, anayesafirisha na anayeuza. Kwa hiyo tumejibu kwa hesabu pale inapohitajika. Shika kalamu.

Natengeneza mkaa mbadala kwa chenga za mkaa na magunzi ya mahindi yaliyochomwa. Gharama zangu zote mpaka mzigo unafika dukani ni shilingi 600 kwa kilo. Namuuzia mwenye duka kwa 1,200, naye anauza 1,500. Kwa wiki zinatoka kilo 600 tu. Nikimwomba ashushe bei, ananiambia nianze mimi. Nani kati yetu anakosea?
*Mzalishaji, Morogoro*

Hakuna anayekosea kwa upande wake, na hapo ndipo penye tatizo. Kila mmoja wenu amepanga bei inayomfaa yeye, na mteja anapofika kaunta anakuta faida imepandishwa juu ya faida.

Katika karatasi ya mauzo uliyotuambatishia, kila mara bei ya duka iliposhuka kwa shilingi 100 kilo 200 zaidi zilitoka kwa wiki. Tuchukulie hali inaendelea hivyo. Kwa 1,500 zinatoka kilo 600, kwa 1,400 kilo 800, kwa 1,300 kilo 1,000, kwa 1,200 kilo 1,200, kwa 1,100 kilo 1,400. Sasa sahau kwanza mgawanyo wenu, hesabu faida ya wote wawili pamoja, yaani bei ya duka ukitoa 600, mara kilo zilizouzwa:

Kwa 1,500 mnapata 540,000.
Kwa 1,400 mnapata 640,000.
Kwa 1,300 mnapata 700,000.
Kwa 1,200 mnapata 720,000.
Kwa 1,100 mnarudi 700,000.

Bei inayowafaa wote wawili ni 1,200. Mnauza kwa 1,500, mnapoteza 180,000 kila wiki, na kilo 600 za mkaa wa miti zinaendelea kununuliwa badala ya zenu.

Kwa nini basi hakuna anayeshusha? Mwenye duka leo anapata 300 kwa kilo, yaani 180,000. Akishusha peke yake hadi 1,400, anabaki na 200 kwa kilo 800, ambayo ni 160,000. Amejipunguzia. Wewe leo unapata 600 kwa kilo, yaani 360,000. Ukimshushia bei ya jumla hadi 1,100, hesabu yake itamwelekeza auze kwa 1,450. Zitatoka kilo 700, nawe utapata 350,000. Na wewe umejipunguzia. Kubishana nani aanze hakutafika popote, kwa sababu anayeanza peke yake ndiye anayeumia.

Dawa ni kuacha kuuziana na kuanza kugawana mauzo. Biashara ya mali kauli, yaani kupewa mzigo ukalipa baada ya kuuza, mnaijua. Hii ni ndugu yake, ila yenye kanuni. Mwenye duka anakulipa shilingi 200 tu kwa kilo anapopokea mzigo. Akiuza, theluthi moja ya kila shilingi inayoingia ni yake na theluthi mbili ni zako. Kwa bei ya 1,200 anabaki na 400, ukitoa 200 aliyotanguliza amepata 200. Mara kilo 1,200 ni 240,000. Wewe unapata 200 ya mwanzo na 800 ya mauzo, ukitoa gharama ya 600 unabaki na 400. Mara kilo 1,200 ni 480,000. Yeye ameongeza 60,000, wewe 120,000, na mteja amepunguziwa 300 kwa kilo.

Hiyo 200 haikuokotwa. Ni theluthi moja ya gharama yako ya 600. Kanuni ni kwamba sehemu ya mauzo anayobaki nayo muuzaji iwe sawa na sehemu ya gharama anayotanguliza. Mkikubaliana abaki na asilimia 40, atangulize 240. Sehemu hizo mbili zikipishana, hesabu yake itamvuta tena kwenye bei isiyo ya wote, na mtarudi mlikotoka.

Mahali mpango huu unapovunjika ni patatu. Pa kwanza ni mtaji. Kilo 1,200 zinakugharimu 720,000 na unatangulizwa 240,000, kwa hiyo 480,000 yako inalala dukani mpaka mkae hesabu. Usianze na mzigo wa wiki nzima. Peleka kilo 300, mhesabiane, kisha upeleke nyingine. Pa pili ni uaminifu: duka linaweza kuuza kwa 1,500 na kukuandikia 1,200. Chapisha bei kwenye mfuko. Funga kwa mifuko ya kilo 2 au 5 yenye namba, usipeleke viroba vya kupima kwa kopo. Kila wiki hesabu mifuko iliyobaki, usihesabu fedha tu. Malipo ya wateja yakipita kwenye namba moja ya simu, mabishano mengi yanakwisha. Pa tatu ni mifuko inayochanika na kulowa: andikeni mapema kwamba iliyoharibika baada ya kupokelewa ni ya duka, na iliyofika imeharibika ni yako.

Tunakuomba pia uthibitishe ule ushuhuda wa kilo 200 kabla ya kusaini. Weka bei mbili tofauti kwenye maduka mawili yanayofanana kwa wiki mbili, kisha badilishana. Usipime mwanzo wa masika, maana mkaa wa miti hupanda wakati huo na utadhani ni bei yako iliyowavuta wateja. Wala usipime wiki ya mshahara peke yake.

Wateja wangu wanalalamikia majivu na moshi. Fundi ananishauri nijenge kikaushio chenye paa la nailoni. Gharama ni kubwa na anayefaidika zaidi ni mwenye duka. Kwa nini nilipe peke yangu?
*Mama wa kikundi, Kibaha*

Mama, kabla ya kujua nani alipe, tujue kama kikaushio ndicho dawa. Malalamiko yako ni mawili, na yana vyanzo viwili.

Majivu mengi hayaletwi na unyevu. Yanaletwa na udongo na mchanga uliozolewa pamoja na chenga kwenye stoo za mkaa, au udongo uliotumika kushikiza. Chukua gramu 100 za chenga kavu, ziunguze zote hadi zibaki majivu, kisha pima. Mkaa safi wa mti mgumu hubakisha gramu chache, kwa kawaida chini ya 5. Ukipata 20 au zaidi, unanunua mchanga. Chekecha kwa wavu wa matundu madogo, kisha mlipe muuza chenga kwa matokeo ya kipimo hicho, usimlipe kwa gunia. Akijua gunia lenye mchanga linalipwa nusu, ataacha kufagia sakafu. Pumba za mpunga nazo zina majivu mengi kwa asili yake, hata zikiwa safi.

Moshi una sababu mbili: malighafi haikuchomeka hadi kuwa mkaa kamili, au tofali la mkaa mbadala halijakauka. Vunja tofali katikati. Ukiona kahawia badala ya weusi, tatizo liko kwenye tanuri. Kama ni jeusi lakini ndani kuna ubaridi na unyevu, hapo kikaushio kina kazi.

Na kama matofali yanamomonyoka, tazama uji wa kushikizia. Kwa kilo 100 za chenga, kilo 4 hadi 6 za unga wa muhogo zinatosha. Koroga kwanza kwa maji baridi, kisha pika mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Unga uliomwagiwa maji ya uvuguvugu haushiki, na wengi hujaribu kurekebisha kwa kuongeza unga, jambo linaloongeza gharama na kualika ukungu.

Sasa fedha. Tutumie hesabu ya Morogoro kabla hawajakubaliana. Tuseme kikaushio na chekecheo, ukigawa gharama kwa muda vitakaoishi, ni shilingi 90,000 kwa wiki, na ubora mpya unaleta wateja wa kilo 240 zaidi kwa bei ileile. Kila mmoja akipanga bei yake upya, faida ya mzalishaji inaongezeka kwa 75,600 na ya duka kwa 37,800. Jumla ni 113,400, zaidi ya gharama. Lakini mzalishaji akilipa peke yake anapata hasara ya 14,400, hivyo atakataa, na atakuwa sahihi kukataa. Duka likichangia theluthi moja, yaani 30,000, mzalishaji anabaki na 15,600 ya ziada na duka 7,800.

Mwambie mwenye duka hivyo, kwa tarakimu zako mwenyewe. Mchango wake usiwe ahadi. Ukatwe kwenye malipo kila wiki na uwe na mwisho, labda siku ambayo kikaushio kimelipika.

Kuna njia tunayoiona bora zaidi. Mkikubaliana kwanza kugawana mauzo kama tulivyomweleza msomaji wa Morogoro, ubora uleule unaongeza faida ya pamoja kwa 151,200, na theluthi mbili zako ni 100,800. Hapo unaweza kulipa kikaushio peke yako na bado ukabaki na 10,800. Rekebisheni bei kwanza. Mashine zifuate.

Nauza juisi ya ukwaju hapa mjini. Chupa ya plastiki na kifuniko chake ni shilingi 12, ya kioo ni 30. Ninataka kuhamia kioo na kuzirudisha, lakini naambiwa nitafilisika. Ni kweli?
*Mfanyabiashara, Mombasa*

Inategemea namba moja tu: kati ya chupa 100 unazotoa, ngapi hazirudi. Kama hazirudi 10, kila chupa itatumika kwa wastani mara 10. Zisiporudi 30, itatumika mara 3 na kidogo.

Tuseme kuosha na kurudisha chupa moja kunakugharimu shilingi 6. Gharama ya kila matumizi ni hizo 6, pamoja na 30 mara sehemu inayopotea. Ukipoteza asilimia 10, ni 9. Ukipoteza 20, ni 12, sawasawa na plastiki. Ukipoteza 30, ni 15. Kwa hiyo mstari wako ni asilimia 20. Kampuni za soda zimeishi kwa hesabu hii Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na ndiyo maana duka halikuachii chupa bila kuacha nyingine au fedha.

Amana iwe karibu na bei ya chupa, yaani 30. Ukiweka 10, chupa nzuri yenye kifuniko itabaki jikoni ikitunza mafuta au asali, na mteja atakuwa ameinunua rahisi. Ukiweka 50, mtu anaweza kununua chupa kama hizo kwa 30 na kuzileta kwako kudai 50. Weka alama isiyofutika kwenye kioo, si kwenye lebo.

Mwenye duka naye apate kitu. Kreti za chupa tupu zinakula nafasi yake, na asipolipwa atasema amejaa. Shilingi 1 kwa kila chupa anayokurudishia inatosha kumfanya mlezi wa chupa zako. Iingize katika zile 6.

Idadi ya chupa wengi huikadiria chini, kisha wanakwama. Hesabu siku za mzunguko mzima: dukani, kwa mteja, kusubiri gari lako, kuosha. Kama unauza chupa 200 kwa siku na mzunguko ni siku 12, unahitaji 2,400 ili usisimame. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya sikukuu na zinazovunjika, upate 2,880. Kwa bei ya 30 hiyo ni 86,400. Bila mtaji huo usianze na mji mzima, anza na mtaa mmoja.

Usafi hauna mjadala. Loweka na kusugua kwanza, ndipo maji ya moto yenye magadi makali ya viwandani (caustic soda), asilimia 2 hivi, kisha suuza mpaka maji yasiteleze vidoleni. Glavu na miwani vivaliwe, na magadi yamiminwe ndani ya maji, kamwe si maji juu ya magadi. Nusa kila chupa. Iliyowekwa mafuta ya taa haioshiki ikaisha harufu, itupe. Na usimimine juisi ya moto kwenye chupa baridi, itapasuka.

Kioo kina uzito mara kadhaa ya ule wa plastiki, kwa hiyo faida ya mazingira inaliwa na dizeli kadiri safari inavyorefuka. Kwa Nyali, Likoni na Kisauni, endelea. Kwa Voi, chupa nyepesi inayokusanywa na kuuzwa kwa wanaosaga plastiki huenda ikawa na madhara madogo zaidi. Kumbuka tu kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya 2022 imemwekea mzalishaji wajibu juu ya vifungashio vyake hata baada ya kuuza. Chupa ya plastiki ya shilingi 12 haitabaki na gharama ya 12.

Mnunuzi wetu wa kahawa anauza Ulaya na anataka ramani ya shamba la kila mwanachama. Ushirika wetu una wakulima 600. Wazee wanauliza: kazi hii ni ya nani, na tukikosea itakuwaje?
*Karani wa chama cha ushirika, Mbozi*

Kinachomsukuma mnunuzi ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, inayohusu kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, ng'ombe na mbao. Anatakiwa aonyeshe kwamba kahawa haikutoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Siku ya kanuni kuanza kutumika imeahirishwa zaidi ya mara moja, na vyama vingi vimelala kwa sababu hiyo. Tarehe ya msitu haijasogezwa.

Shamba la hadi hekta 4 linaruhusiwa kuwakilishwa na nukta moja. Kubwa zaidi ya hapo linahitaji mipaka yake yote. Nukta iwe na tarakimu sita baada ya desimali. Simu ya kawaida yenye programu ya ramani inatosha, ila subiri usomaji utulie kabla ya kuhifadhi, hasa chini ya migomba na miti ya kivuli.

Makosa tunayoyaona yanajirudia. La kwanza, mtu anapima nyumbani kwa mkulima kwa kuwa shamba liko mbali. La pili, alama ya kutoa inapotea: Mbozi iko kusini mwa ikweta, latitudo yake ni karibu -9 na longitudo karibu 33. Ukisahau hiyo alama, kahawa yenu itasomeka imelimwa Sudan Kusini. La tatu, namba mbili zinabadilishana nafasi. Mwambieni kijana wa kompyuta aziweke nukta zote kwenye ramani moja kabla ya kutuma. Inayoangukia nje ya wilaya itajitokeza yenyewe. La nne ni majina: mkulima yuleyule ameandikwa kwa jina la baba kwenye daftari la mizani na kwa jina la utani kwenye ramani. Tumieni namba ya uanachama.

Lakini ramani nzuri haisaidii kama ghala linachanganya. Kahawa ya mtu asiyepimwa ikimwagwa kwenye lundo, lundo zima limepoteza sifa, kwa sababu mnunuzi analazimika kutaja mashamba yote yaliyochangia. Tengeni sehemu mbili ghalani na magunia ya rangi mbili tangu siku ya kwanza ya kupokea. Huu ndio uamuzi mgumu, maana mkulima wa pembeni asiyepimwa mara nyingi ni jirani na ndugu. Mpimeni naye kabla ya msimu.

Gharama: tuseme watu wawili na pikipiki wanapima mashamba 20 kwa siku, kwa posho na mafuta ya 60,000. Mashamba 600 ni siku 30, shilingi 1,800,000. Kama chama kinakusanya kilo 150,000 za kahawa ya maganda, ni shilingi 12 kwa kilo, tena mara moja tu, kisha marekebisho madogo kila mwaka. Fedha hiyo ni ndogo mkiigawa, na ni mzigo mzito mkiiachia chama peke yake kabla ya mauzo. Ombeni mnunuzi atangulize, ikatwe kidogo kidogo au aihesabu kuwa mchango wake.

Na hapa tunasisitiza kwa nguvu: anayelipia upimaji asiondoke na takwimu peke yake. Andikeni kwamba chama kinabaki na nakala kamili na kinaruhusiwa kumpa mnunuzi mwingine. Msipofanya hivyo, mwakani mnunuzi huyo ndiye atakayekuwa na kahawa yenu mkononi, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeweza kuinunua bila ramani.

Assalamu alaykum. Nafunga karafuu, iliki na mdalasini kwa watalii. Naambiwa niache plastiki nitumie karatasi ya kaki au mifuko "inayooza". Viungo havitapoteza harufu?
*Mfungaji viungo, Unguja*

Waalaykum salaam. Vitapoteza. Harufu ya karafuu ni mafuta, na mafuta hupenya karatasi tupu. Baada ya wiki kadhaa mteja anapata karatasi yenye doa na kiungo kisicho na nguvu. Kiungo kilichotupwa kimepoteza pia maji, mbolea na jasho la mchumaji, hivyo usikitoe kafara ili kuokoa gramu 3 za kifungashio.

Jihadhari na neno "inayooza". Ipo mifuko ya plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ili ipasuke vipande vidogo juani. Haiozi, inasambaa tu. Ipo pia inayooza kweli, lakini katika mitambo ya mboji yenye joto la juu, na mteja wako hana mtambo huo hotelini. Muulize muuzaji: inaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani, na cheti kiko wapi? Akijibu kwa picha ya jani la kijani tu, ondoka. Karatasi ya kaki yenye utando wa plastiki ndani nayo ni mtego, kwa sababu imegandana na haichakatwi kirahisi kama karatasi wala kama plastiki.

Kwa watalii tungechagua kichupa kidogo cha kioo au kikopo cha bati, ambacho mteja atabaki nacho nyumbani. Kwa hoteli na migahawa, ndoo ya kilo 5 inayojazwa upya kila wiki. Kwa soko la bei nafuu, plastiki ya aina moja isiyobandikwa tabaka nyingine, ambayo wakusanyaji wanainunua, ndani ya boksi dogo la karatasi.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mapema, mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata 1 Juni 2019. Marufuku ya Bara iliihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani na vyakula vilivyosindikwa viliwekewa utaratibu wake. Mfuko laini wa kubebea unaofanana na kitambaa, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, umetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Ukiwapa wageni mfuko huo, uwe ule mzito, gramu 70 kwa mita ya mraba au zaidi, ambao watarudi nao sokoni mara nyingi.

Mwaka huu nimeacha dawa na mbolea za viwandani shambani. Naweza kuanza kuuza kama kilimohai?
*Mkulima, Lushoto*

Bado. Kwa masoko ya Ulaya, mazao ya msimu yanahitaji miaka 2 ya mpito kabla ya kupanda, na mazao ya kudumu miaka 3 kabla ya kuvuna. Miaka hiyo ndiyo inayovunja watu: mavuno yanaweza kushuka na bei ya kilimohai bado hujaipata. Usiingize shamba zima kwa mara moja, ingiza kipande ambacho hasara yake unaimudu. Tafuta mnunuzi atakayelipa ziada ndogo kwa mazao ya mpito, kwa maandishi. Alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki inasimama juu ya kiwango EAS 456, na TOAM, chama cha kilimohai Tanzania, kinaweza kukuunganisha na kikundi kilicho karibu, maana cheti cha mtu mmoja ni ghali mno kwa ekari mbili.

Hoteli yetu inataka kuchagua mgavi wa sabuni rafiki kwa mazingira. Tumewapa alama wagavi watano kwa bei, ubora, mazingira na usafirishaji. Aliyeshinda hana kibali cha kumwaga majitaka. Tumekosea wapi?
*Afisa manunuzi, Arusha*

Mmeruhusu bei nzuri kulipia dhambi isiyolipika. Alama za wastani hufanya hivyo kila mara. Gawa kazi mara mbili. Kwanza mlango: vibali, viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), orodha ya viambato, uwezo wa kutoa kiasi mnachohitaji. Asiyepita mlango hapewi alama hata moja. Waliopita ndio wapimwe, na uzito wa kila kigezo uandikwe kabla bahasha za bei hazijafunguliwa. Ukipangwa baadaye, utapangwa kumfuata mtu.

Bei nayo mliipima vibaya, kwa lita. Sabuni nzito ya shilingi 4,000 inayochanganywa lita 1 kwa maji lita 9 ni shilingi 400 kwa lita ya kufanyia kazi. Ile nyepesi ya 1,500 isiyochanganywa ni 1,500, na inasafirishwa ikiwa maji matupu. Rudieni hesabu kwa lita ya kazi, muongeze gharama ya madumu: mgavi anayeyachukua na kuyajaza upya apewe tofauti ya bei ya dumu. Kabla ya kusaini, tumieni sabuni yake kwa wiki mbili katika ghorofa moja, na wasafishaji ndio waseme kama inatoa mafuta ya jikoni au wanalazimika kumimina mara mbili.